Moto wa topido za zamani ulikuwa unawashwaje na ndani hamna mtu?

Swali limetoka kwa kaka mmoja wa Mombasa. Anasema alienda Fort Jesus akauona ule mzinga wa meli ya Kijerumani Königsberg, akaanza kusoma habari za hiyo meli, akakuta kumbe ilikuwa na topido pia, yaani kombora linalojiendesha lenyewe chini ya maji, akazidi kuchimba mpaka akafika mahali pameandikwa kwamba topido za miaka ile zilianza kuchoma mafuta ndani ya tumbo lake ili kupasha hewa moto. Sasa anauliza: "Huo moto nani aliuwasha? Ndani hamna mtu, betri hamna, na kote kumezungukwa na maji ya bahari. Na hayo maji mbona hayauzimi?"

Jibu la haraka haraka kaka ni baruti. Kulikuwa na kiwashio, kitu kama risasi isiyo na kichwa, kimefungwa kwenye chungu cha moto, na topido ikitoka tu kwenye bomba lake kiwashio kinagongwa, kinatoa ndimi za moto kwa sekunde chache, mafuta yanayorushwa kwa nozeli (tundu dogo la kunyunyizia) yanashika, basi, kuanzia hapo moto unajiendesha wenyewe. Ila ukiishia hapo hujajibiwa, maana kupata cheche mle ndani haikuwa shida kabisa, shida ilikuwa cheche itoke wakati gani, kabla ya nini na baada ya nini, na hapo ndipo wahandisi wa Uingereza na Marekani walipohangaika. Ngoja nianzie mbali kidogo.

Kabla sijasahau, hiyo Königsberg yako topido zake hazikumzamisha mtu huku kwetu. Ile manowari ya Waingereza HMS Pegasus waliipiga kwa mizinga pale Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914. Topido zilikuja kupata kazi 11 Julai 1915 kule delta ya Rufiji, meli imeshachakazwa na Waingereza, kapteni wake Max Looff akaamuru walipue vichwa vya topido humo humo ndani ili meli izame. Kwa hiyo topido za Königsberg zikaishia kuiua Königsberg yenyewe.

Haya, turudi kwenye moto. Topido ya Robert Whitehead, yule Mwingereza aliyekuwa na karakana Fiume (leo Rijeka, Croatia), ilitoka 1866 na haikuwa na moto wowote. Ilikuwa na mtungi wa chuma umeshindiliwa hewa, hewa inapita kwenye valvu ya kupunguza presha, inaingia kwenye injini ndogo ya pistoni, injini inazungusha propela, hewa iliyotumika inatokea nyuma. Ya kwanza ilikuwa taratibu kweli, noti (maili za baharini kwa saa) 6 au 7 hivi, na umbali wa mita mia mbili tu. Miaka ilivyokwenda wakaongeza presha, wakapata injini nzuri za Peter Brotherhood za silinda tatu, mwendo ukapanda, lakini wakaja kugonga ukuta. Hewa ikitoka kwenye presha kubwa kwenda ndogo inapoa, inapoa vibaya sana, na kadiri mtungi unavyoisha ndivyo hata ile iliyobaki ndani inavyozidi kuwa baridi. Unyevu ulioko kwenye hewa unageuka barafu kwenye valvu, oili inakuwa nzito kama gundi, na mbaya zaidi hewa baridi haina nguvu. Presha ile ile, uzito ule ule wa hewa, ikiwa baridi inachukua nafasi ndogo, maana yake inasukuma pistoni mara chache zaidi. Ukiipasha mpaka joto lake likawa mara tatu (nahesabu kwa kelvini, si kwa selsiasi), ujazo nao unakuwa mara tatu, na kazi inayokufanyia inapanda hivyo hivyo.

Hapa nikupigie hesabu kidogo uone kwa nini watu walipagawa. Chukua mtungi wa lita 300 umejazwa presha ya atmosfia 150, huu ni mfano wangu tu sio topido fulani. Humo kuna hewa ya kilo 54 hivi. Nguvu yote unayoweza kuikamua kwenye hewa hiyo hata ukiwa fundi wa mbinguni haizidi megajuli 23. Sasa kilo 54 za hewa zina oksijeni ya kuchoma mafuta ya taa kama kilo 3 na nusu, yaani kidumu cha lita tano hakijai, na hayo mafuta yana megajuli zaidi ya 150. Kidumu! Unabeba mtungi wa chuma mzito umejaa hewa, na oksijeni imelala humo humo bure, unaitoa nyuma inakuwa mapovu. Lazima mtu angefikiria kuichoma tu, ni suala la nani na lini.

Walioanza kwa vitendo ni wale wa Armstrong Whitworth wa Elswick, Uingereza, na Wamarekani wa kampuni ya E. W. Bliss ya Brooklyn kupitia mhandisi wao Frank Leavitt, na wote ni miaka ya 1904 na 1905 hivi. Na wote walianza kwa wazo ambalo leo ukilisikia unashika kichwa, yaani kuwasha moto ndani ya mtungi wenyewe wa hewa. Mafuta yanarushwa ndani ya mtungi, yanawashwa, hewa yote inapata moto na presha haishuki haraka. Kwenye karatasi safi kabisa. Lakini fikiria, chuma ambacho tayari kimebeba presha kubwa hivyo, wewe unakipasha, na chuma kikipata moto kinapoteza nguvu, na moto wenyewe uko kwenye chumba kikubwa huwezi kuuongoza unaunguza upande gani. Halafu unapasha hewa yote kwa mkupuo wakati unahitaji ile inayotoka sasa hivi tu. Topido ya Bliss-Leavitt Mark 1 ilifanya kazi hivyo, ikachoma spiriti na kuzungusha tabaini ya aina ya Curtis (gurudumu la mapanga linalosukumwa na gesi) badala ya pistoni, na ilikimbia noti 27 kwa yadi 4,000, si haba. Ila haikuchukua muda wakahamisha moto nje ya mtungi.

Kwa hiyo ikazaliwa ile sehemu ambayo mimi naiita chungu. Ni kichumba kidogo cha chuma kilichokaa katikati ya mtungi na injini. Upande mmoja inaingia hewa iliyokwisha pita kwenye valvu ya kupunguza presha, juu kuna nozeli ya mafuta, pembeni kuna tundu lenye nyuzi ambako unafunga kiwashio, na upande wa pili inatoka gesi ya moto kwenda injini. Mafuta yanasukumwa na hewa hiyo hiyo ya mtungi, hakuna pampu. Ukilijua jiko la pampu la mafuta ya taa, lile la shaba, umeshaelewa: upepo unasukuma mafuta, tundu dogo linayarusha, na mwanzo kabisa lazima umwagie spiriti kidogo pale kwenye kikombe na kupiga kiberiti, la sivyo unapata moshi na uvundo tu. Kiwashio cha topido ndiyo ile spiriti pamoja na kiberiti chake.

Shida ya pili ikaja mara moja. Mafuta ya taa yakichomwa na hewa kwa kipimo kamili joto linafika karibu selsiasi 2,000, na hiyo gesi ukiipeleka kwenye injini inayeyusha valvu, inakausha oili, kazi imeisha. Ukichoma mafuta kidogo ili joto lisizidi, oksijeni nyingi inapita bila kutumika, umerudi kule kule kwenye kupoteza. Aliyekata fundo ni Luteni Sydney Hardcastle wa jeshi la majini la Uingereza akiwa kwenye kiwanda cha mizinga cha serikali, Woolwich, mwaka 1908 hivi. Yeye akasema choma mafuta kwa ukali wote, halafu rusha maji humo humo kwenye chungu. Maji yananyonya joto, yanageuka mvuke, na mvuke nao unakwenda kusukuma pistoni. Kilo moja ya maji kugeuka mvuke inameza zaidi ya megajuli 2, kwa hiyo joto linashuka mpaka injini inavumilia na wakati huo huo gesi ya kufanya kazi imeongezeka. Kwangu mimi huyu ndiye aliyeibadilisha topido kuliko mtu yeyote baada ya Whitehead, na jina lake watu wengi hawalijui.

Sasa njoo kwenye kiwashio chenyewe, tukiangalie kwa karibu. Ni kikopo cha chuma au shaba, unakishika kwa vidole, nyuma kina fataki kama ile ya kitako cha risasi. Mbele ya fataki kuna baruti inayoshika haraka, halafu inafuata baruti nyingine iliyochanganywa iungue taratibu, haitakiwi ipige pa! inatakiwa itoe mwali mrefu kwa sekunde kadhaa. Mdomoni kimezibwa, kwa sababu baruti ikinyonya unyevu wa bahari haifai hata kwa kuwashia sigara. Kinafungwa kwenye chungu kwa nyuzi, kinakaa mdomo ukiangalia pale mafuta yatakapopita. Na juu ya fataki kuna sindano yenye springi ikisubiri kugonga. Hicho kitu kinatumika mara moja. Kwenye mazoezi topido ilikuwa inaelea mwisho wa safari, wanaivuta, wanairudisha karakana, wanatoa kiwashio kilichoungua, wanasafisha chungu masizi, wanafunga kipya.

Nani anaiachia sindano? Hapa ndipo panaponipendeza. Juu ya mgongo wa topido kuna kijiti cha kuanzishia, kimechomoza. Ndani ya bomba la kurushia kuna kikwazo kimesimama. Topido ikisukumwa nje, kijiti kinakwaa kile kikwazo, kinalazwa kurudi nyuma, na kulazwa kwake ndiko kunafungua valvu kuu ya hewa. Kwa hiyo topido inajiwasha kwa kule kutoka kwake, hakuna mtu anayebonyeza kitu juu yake. Hewa ikifunguka inaingia kwenye mabomba, presha inapanda, na presha hiyo ndiyo inaiachia sindano, fataki inapigwa. Kumbe hewa inayokuja kuchomwa ndiyo hiyo hiyo inayoamrisha moto uwake, na ndiyo hiyo inayosukuma mafuta. Ukiwa na hewa una vyote, ukikosa hewa huna hata kimoja, na hilo ni jambo zuri, kwa sababu kiwashio hakiwezi kulipuka topido ikiwa imelala stoo mtungi umefungwa.

Lakini angalia mtego. Topido inayorushwa kutoka bomba la sitahani inaruka hewani kidogo kabla ya kutumbukia. Propela ikizunguka hewani haina kinachoizuia, na ukiipa injini nguvu kamili wakati huo inazunguka kwa fujo mpaka inajivunja. Kwa hiyo wakaweka ucheleweshaji, kuna waliotumia valvu inayoruhusu hewa kidogo kwanza na kuifungulia yote baadaye, kuna waliotumia kibao kidogo kinachopigwa na maji wakati topido inatumbukia, kikilala ndipo hewa yote inaachiwa. Na kiwashio lazima kifuate ucheleweshaji huo huo, kwa sababu kikipigwa mapema, baruti inaungua yote wakati mafuta bado hayajafika, na mafuta yakifika yanakuta chungu kimya. Kikipigwa kwa kuchelewa ni balaa la namna nyingine, mafuta yameshajaa kwenye chungu na ukuta umelowa, halafu moto unakuja kuyakuta yote kwa pamoja, hapo si kuwaka tena ni mlipuko. Na kwenye mtambo wa Hardcastle kuna wa tatu kwenye foleni, maji, nayo yakitangulia yanaulowesha moto kabla haujakomaa. Hewa, mwali, mafuta, maji, kwa mpangilio huo, vyote ndani ya muda wa kupepesa macho mara kadhaa, na vyote vinaongozwa na matundu, springi na presha, hakuna kompyuta wala waya.

Kiwashio kikigoma je? Topido haisimami kaka. Inakimbia na hewa baridi tu kama zile za Whitehead za mwanzo, huku mafuta na maji yasiyoungua yakipita kwenye injini bure. Inakwenda pole pole na inaishiwa njiani. Kwa manowari iliyopiga hesabu ya pembe kwa mwendo wa noti fulani hilo ni sawa na kukosa kabisa, kwa sababu shabaha inakuwa imeshapita zamani topido ndiyo kwanza iko katikati ya safari. Kinyume chake ni topido kuwaka ikiwa bado ndani ya bomba, imekwama haijatoka, injini inanguruma bila maji ya kuibana, moshi unarudi kwa watu. Mabaharia wa nyambizi waliogopa hiyo kuliko ile ya kwanza na ninawaelewa.

Umeuliza kuhusu betri, na najua swali linalofuata ni plagi. Magneto za Bosch, vile vitambo vya kuzalishia plagi umeme wa cheche, zilikuwepo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1900 na magari yalikuwa yanazitumia. Mimi naona sababu za kutozipenda ni za kawaida tu: waya wa volti kubwa na unyevu wa chumvi haviendani, topido inaweza kukaa ghalani muda mrefu halafu ikatakiwa iwake leo leo, na plagi inatoa cheche ndogo wakati wewe unataka kuwasha manyunyu ya mafuta baridi kwenye upepo mkali unaopita kwa kasi. Cheche ndogo inapeperushwa. Mwali wa baruti wa sekunde kadhaa haupeperushwi, halafu unapasha na kuta za chungu kidogo. Isitoshe unahitaji kuwasha mara moja tu, injini ya gari inawasha kila mzunguko.

Na mafuta hayawezi kujiwasha yenyewe kwa presha kama dizeli? Kwenye chungu hapana. Mafuta ya taa yanahitaji joto la zaidi ya selsiasi 200 kujishikia na spiriti inahitaji karibu 365, na hewa yenyewe inatoka kwenye mtungi ikiwa baridi ya kugandisha.

Maji ya bahari hayauzimi kwa sababu hayaingii. Chungu kiko ndani ya tumbo lililozibwa, na presha ya ndani ni kubwa kuliko ya bahari pale topido inapopita, mita chache tu chini ya maji, kwa hiyo gesi ndiyo inayosukuma kutoka. Maji pekee yanayoingia kwenye moto ni yale ya tangi yaliyopimwa. Hata yale usidhani yanapenda moto, ukirusha mengi mno kwa nozeli iliyochoka moto unakata kweli, kwa hiyo kipimo cha tundu la nozeli kilikuwa kitu cha kuheshimiwa.

Kuhusu mafuta gani, Waingereza walikaa na mafuta ya taa, Wamarekani wakashika spiriti. Spiriti inaungua safi, masizi machache, ila ina nguvu ndogo kwa kilo. Na ina tatizo lingine ambalo mhandisi hakuliweka kwenye mahesabu yake, mabaharia walikuwa wanaikunywa. Vita vya pili ilikuwa maarufu hadi ikapewa jina lake kwenye meli, wanachanganya na juisi ya matunda, na wakubwa walipotia dawa ya kuharibu tumbo humo vijana wakatafuta mbinu za kuichuja. Sijui topido ngapi ziliingia vitani na tangi pungufu, acha tu.

Matokeo ya huo moto yalionekana haraka. Kufika Vita vya Kwanza vya Dunia topido za inchi 21 za Waingereza zilikuwa zinaweza kwenda yadi 10,000 hivi zikiwekwa kwenye mwendo wa pole. Kwenye vita vya majini vya Jutland, 31 Mei 1916, Admirali Jellicoe wa Uingereza aligeuza kundi lake lote la manowari kukwepa shambulio la topido za Wajerumani, na watu wamembishania uamuzi ule mpaka leo. Zingekuwa zile za hewa baridi za miaka kumi au kumi na tano nyuma asingekuwa na haja ya kugeuka kwa umbali ule. Moto huo pia una kasoro ambayo haikuisha: mvuke ukitoka nyuma unageuka maji na kupotea, lakini naitrojeni ya hewa haina pa kwenda, inapanda juu mapovu meupe, mstari mnyoofu kabisa unaoonyesha topido inakotoka. Mlinzi mwenye macho anauona, meli inakata kona.

Wajapani waliamua kuua hiyo naitrojeni kwa kutumia oksijeni tupu, topido yao ya Type 93 ya sentimita 61 iliyoanza kazi miaka ya 1930. Nakutajia kwa sababu walikwama pale pale kwenye kuwasha. Ukiwasha mafuta kwenye oksijeni tupu haiwaki kistaarabu, inalipuka, na majaribio ya mwanzo yalilipuka kweli. Dawa waliyoipata ni kuanzisha injini kwa hewa ya kawaida, moto ushike na kutulia, halafu oksijeni inaingizwa kidogo kidogo mpaka inachukua nafasi yote. Kwa ajili ya siri oksijeni yenyewe walikuwa wanaiita "hewa ya pili". Hiyo ikafika kilomita 20 kwa mwendo wa karibu noti 50, hakuna mwingine aliyekuwa nayo.

Waingereza wao wakaenda njia nyingine na Mark VIII ya mwishoni mwa miaka ya 1920. Pale kwenye chungu wanachoma mafuta kidogo tu, hewa inapata moto wa kama selsiasi 1,000, halafu mafuta mengine yanarushwa moja kwa moja kwenye silinda na yanashika yenyewe kwa joto hilo, ikawa kama nusu dizeli. Kiwashio kikabaki na kazi ile ile ya kuanzisha chungu. Na topido ya ukoo huo ndiyo iliyoizamisha manowari General Belgrano ya Argentina tarehe 2 Mei 1982, ikirushwa na nyambizi ya nyuklia HMS Conqueror. Siku hizi Mark 48 ya Wamarekani inatumia mafuta ya Otto yasiyohitaji hewa kabisa, kwa hiyo mtungi mkubwa umeondoka, chungu kimebaki, na kuanzisha bado wanaanzisha kwa kipande cha baruti. Zile za umeme tu ndizo hazina kiwashio, maana hazina moto.